Upande wa Kushoto

Papa Mwewa alifika Katuba akisukuma toroli,
risiva imefunikwa kitenge kama mgonjwa anayepelekwa mbali.
"Inaimba bado," akasema, "lakini inachoka.
Na mimi sikio la kushoto lilifia karakana ya reli,
basi sema nami kwa huku."

Nikamsogelea kwa huku.

Nilifungua skrubu kumi na nne, moja imeliwa na kutu.
Ndani: vumbi jekundu la kiangazi, mende mmoja mkavu,
na kule nyuma, kwenye ubavu wa alumini,
transista mbili nyeusi kama meno ya mvuta kiko.
Siku fulani umeme ulikatika, ukarudi na hasira,
ukaingia kwa mlango wa kushoto.
Mashine ilikuwa imekufa nusu
na hakuna aliyeikalia matanga.

Transista za aina ile hazipo tena. Niliuliza Kenya,
niliuliza Kamalondo, nikapiga simu Kasumbalesa.
Mtu wa Kasumbalesa akacheka kabla sijamaliza nambari.

Basi nikafikiri hivi:
kabla sauti haijapewa misuli, iko mahali fulani, changa,
nyembamba kama utambi,
ikishapita kitufe cha kuipandisha, kabla ya ule ubavu ulioungua.
Haina nguvu hata ya kutikisa unga kwenye karatasi,
ila wimbo wote umo, mpaka pumzi ya mwimbaji.
Nikikata njia pale, nikaitoa nje kwa mgongoni,
kifua kingine kitaibeba.

Nilikata. Nakiri mkono ulisita:
kifaa cha mwaka themanini na nne, bonasi ya kwanza ya mtu,
nami nakikata koo ili kisikike.
Kapasita moja kila upande. Waya wenye koti la shaba,
shaba iliyotoka hapahapa ikiwa bamba, ikarudi uzi
wenye maandishi ya watu nisiowajua.
Matundu mawili kwa drili ya mkono, polepole,
chenga za chuma nikizizoa kwa sumaku.

Vifua nilikuwa navyo viwili, si ndugu:
amplifaya moja ya kwaya iliyogawanyika,
nyingine ya baa iliyofungwa kwa deni.
Kanisa nikaliweka kushoto.

Nikawasha. Mvumo.
Nyuki ndani ya ngoma, usiku kucha, na kesho yake tena.
Nilibadili waya, nikailaumu transfoma, nikamlaumu mtoto wa jirani.
Kumbe nilikuwa nimefunga ardhi mahali pawili,
na ardhi mbili katika nyumba moja hazinyamazi.
Nikazikutanisha kwenye nukta moja.
Kimya kikaja, kile chenye kina,
kama ukumbini kabla ya mtu wa kwanza kukohoa.

Jumamosi nikampelekea mwenyewe. Mama Kabange
alikuwa akisonga bukari, hakugeuka.
Papa Mwewa akachagua santuri anayoijua
kama njia ya kwenda chooni gizani,
akaketi.
Na gitaa la pili likaingia kutoka kushoto.

Akageuza kichwa. Kulekule, kwenye sikio lililokufa.
"Nani huyo?"
"Alikuwepo siku zote," nikasema.
"Ila hakuwa na mlango wa kutokea."
Akaziba sikio la kulia kwa kiganja. Akasikiliza.
Akarudisha sindano mwanzo. Akaziba tena.
"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa, na daktari nikamlipa."
Machozi au jasho, sikuuliza.

Mwiko ukasimama sufuriani.
"Papa Mwewa," akasema Mama Kabange kutoka jikoni,
upande wa kushoto,
bila kupaza sauti hata kidogo,
"miaka tisa nakuambia paa linavuja."

Akanitazama mimi,
kama vile fundi anaweza kulehemu na hilo.
Nikaanza kukusanya bisibisi zangu.