Vidole vya Azimul

Lete mkono. Si huo, wa kushoto.
Cha mwisho kilipinda Bridgetown,
mpira ulipomkwepa mpigaji, ukaruka penye bonde,
ukakikuta kimesimama peke yake.
Cha pete hakikunjiki tangu Karachi.
Na hiki cha kati ni changu: nilikivunja mimi,
uani kwetu Berbice, mfereji umefurika, miwa inaungua ng'ambo,
wewe una miaka tisa, umechuchumaa nyuma ya ndoo ya rangi
ukinichokoza: "Tupa kwa nguvu, Zabida, unabembeleza mtoto?"
Nikatupa.
Hukulia. Ulikifunga kwa utepe wa nywele zangu,
na mama tukamwambia ni mlango.

Gongo lako la kwanza lilikuwa shina la kuti
alilolichonga baba kwa panga la shambani.
Lilinuka masizi. Ulilala nalo.

Watu hawaijui kazi ya mlinda-wiketi.
Ova tisini kwa siku, mipira mia tano na arobaini,
na kwa kila mmoja unainama, unainuka,
rakaa zisizo na salamu,
kwa ajili ya mpira ambao huenda usikufikie.
Hapo ulikuwa na subira ya ng'ombe kwenye mvua.
Lakini ukipewa gongo,
subira uliiacha ndani ya glavu.

Kingston. Sitini na moja, watano wameshatoka,
na yule mrefu wa Perth anarusha kama anayedai deni.
Redio ilikuwa juu ya friji.
Mpira wa kwanza kabisa ulimfuata njiani, hatua mbili,
ukaupitisha juu ya kichwa chake, juu ya uzio,
juu ya mabati ya wachoma kuku.
Mtangazaji akanyamaza. Kisha akacheka
kama mtu aliyeibiwa na mtoto.
Mia moja kwa mipira sabini na miwili!
Roti ziliungua. Tulizikwangua kwa kisu, tukala.

"Mvumilivu hula mbivu," waliandika wazee wa magazetini
kila ulipotoka na sifuri. Na ulitoka, kaka, usikatae:
Leeds, mara mbili katika mchezo mmoja,
kwa pigo lile lile lililowainua watu Kingston.
Likishika ni ushujaa, likikosa ni utoto.
Mbivu waachie wao.
Wewe maembe uliyala mabichi, kwa chumvi na pilipili,
tangu tukiyaiba kwa Hoosein,
na tumbo halikukuuma hata siku moja.

Brisbane sitaki kuitaja.
Nitaitaja.
Saa ya mwisho, tisa wametoka,
mpira ukagusa ukingo wa gongo, ukakujia kifuani,
mpira ambao mama angeudaka akiwa na beseni kichwani.
Ukakaa kwenye glavu muda wa kusema bismillahi.
Kisha ukatoka.
Ulidaka mia mbili na kumi na minne katika miaka kumi na mmoja;
sokoni New Amsterdam wanakuuliza huo mmoja.
Uliniambia bado unausikia ukitua kwenye nyasi.
Nikakwambia nyasi hazina sauti.
Ukaniangalia kama anavyoangaliwa mtu
ambaye hajawahi kutoka kwao.

Barua ya kukuacha ilikuwa na mistari mitatu
na jina lako walilikosea.
Magoti yalikuwa yamejua kabla ya posta.
Sasa unauza vipuri vya trekta,
kikombe cha chai unakishika kwa viganja vyote viwili
kama kifaranga kilichoanguka,
na asubuhi ya Idi unakuja mlangoni kwangu
shati wazi, huombi kitu.

Simama wima. Acha kuniangalia hivyo.
Vifungo saba, na cha shingoni kimelegea,
nitakishona baada ya sala.
Usinishukuru, Azimul.
Cha kati bado ninakilipa.