Enzi ya Tatu
Ukumbi wa video wa Shirima, Pasua, Moshi.
Wapenzi wale wale wamekwisha kufa mara mbili:
enzi za wafalme, kwa upanga,
enzi za reli, kwa kipindupindu.
Sasa wana simu, wanapishana sokoni, hawajuani.

"Uongo," anasema Ndelilio, fundi saa.
"Saa ikifa imekufa. Naijua kazi yangu."
Aikaruwa analia tangu kwenye reli,
vijana wa nyuma wanadai ngumi,
mimi nahesabu vilemba.

Umeme ukakatika mkono ukiwa umenyooshwa.

Gizani Ndelilio, mgane wa miaka tisa,
akauliza taratibu, kama aulizaye bei
ya kitu asichoweza kununua:
"Hivi, wangetambuana kwa lipi?"

Hakuna aliyejibu.
Aikaruwa alisogea kidogo; benchi likalia.