Fahali wa Angani

Siku ya kwanza Bi. Kemirembe hakutufundisha lolote.
Aliweka mezani mtungi wa kijivu wenye shingo ya njano,
akatugawia karatasi moja moja, akasema:
"Kabla hamjashika spana, fanyeni hesabu.
Tangu muanze kazi, mmeachia kilo ngapi?"

Tulicheka. Mafundi kumi na wanne
kutoka Ibanda, Bushenyi, Kabwohe,
viganja vimekomazwa na mabomba ya shaba;
nani kati yetu aliwahi kupima pumzi?
Gesi haina rangi. Haina harufu. Haina mwenyewe.
Unalegeza vali, inalia fyuuu kama nyoka aliyekanyagwa,
unatafuna nusu ya chapati,
ukimaliza wewe, nayo imemaliza.

Lakini kalamu ninayo, na mvua inapiga mabati ya karakana,
hakuna pa kwenda.
Nikaandika: friji sita kwa wiki.
Wiki hamsini na mbili. Miaka kumi na moja.
Gramu mia na hamsini kila friji, nikijihurumia.
(Matangi ya maziwa ya Rushere sikuyatia.
Wala ile mashine ya chumba cha maiti.)
Kilo mia tano na kumi na nne.

Kwetu Mbarara hicho si kipimo cha hewa.
Ni fahali.
Fahali mzima, na pembe zake
zinazomlazimu kuinamisha kichwa upande akiingia zizini.
Marehemu baba alinichapa kwa ndama mmoja
aliyevuka Rwizi nikiwa nimelala.
Na huyu nimemfungulia mwenyewe, kidogo kidogo,
mkia kwanza,
yuko huko juu anatafuna kivuli chetu.

Sikumwonyesha mtu karatasi. Niliikunja mara nne.

Kisha zikaja siku za mipira na geji,
buluu upande huu, nyekundu ule,
mashine ya kunasa inanguruma kama paka mwenye kinyongo.
Mtungi haujazwi pomoni: thamanini kwa mia, basi,
kimiminika nacho kinataka pa kujinyoosha jua likiwaka.
Usichanganye gesi mbili mtungi mmoja;
nani atachuja mafuta ya taa yakishaingia kwenye maziwa?
Nuwamanya alizicheka glavu.
Gesi ikamlamba kidole, kikawa cheupe kama mshumaa,
hakucheka tena hadi Ijumaa.

Mtihani wa kwanza nilianguka.
Nilikimbilia mashine bila kusoma kibandiko nyuma ya friji,
gesi ile ni ya kuwaka, na mashine ile si yake.
Bi. Kemirembe alichomoa waya ukutani, taratibu.
"Umekufa," akasema.
"Na mwenye duka. Na mtoto aliyetumwa sukari.
Rudi Alhamisi."

Nikarudi Alhamisi. Nilisoma kibandiko
kama mtu anayesoma wosia.

Cheti kimetoka na kosa: Rutalemwa, badala ya Rutaremwa.
Nimekitundika hivyo hivyo.

Leo niko Ruti, kwa Mama Kyarisiima, muuza maziwa.
Friji lake limegoma, na yeye amekunja mikono:
"Yule fundi wa zamani alimaliza kabla chai haijapoa."
Simwambii kwamba fundi wa zamani alikuwa na uso huu huu,
alisahau tu, miaka imepita.
Naweka mtungi juu ya mizani. Nafunga mpira. Nangoja.
Namba zinapanda kwa uvivu:
arobaini, tisini, mia na ishirini.
Chai yake imepoa. Imeota utando.

Gramu mia na thelathini. Naandika daftarini, na tarehe.
Ukwato mmoja haujatimia,
lakini kamba imeshika kitu.

Mama Kyarisiima anauliza
kama nitampunguzia elfu tano,
maana gesi yake naondoka nayo.