Kupanda

Mimi ni fundi wa lifti. Mchana kutwa
nawapandisha watu ghorofa za Upper Hill,
na jioni, miaka minne, nilipanda Boxer yangu,
nyekundu iliyofifia kama kitenge
kilichofuliwa hadi kikasahau sherehe yake.
Ilinifunza klachi kwenye vumbi la Pipeline,
ikanizimikia mbele ya shule nzima,
ikaniangusha mara mbili tu, na mara zote
kosa lilikuwa langu na la mchanga.

Haikuwa na siri. Ukiipiga teke inaamka,
ukiinyima oili inanung'unika,
ukiikosea inakungoja uone aibu,
kisha mnaendelea.

Lakini alfajiri moja ya Jumapili, kule Bypass,
nikasikia kitu kikipasua hewa kama kitambaa kipya,
kikapita, kikaisha,
nami nikabaki nimeshika usukani uleule
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na asione aliyeita.

Muuzaji alikuwa Mutinda, wa Lang'ata.
"Mke wangu kajifungua pacha," akasema,
akilipangusa tangi kwa pindo la shati,
mara ya kwanza, mara ya tatu,
mahali palipokwisha kung'aa.
Kawasaki, mia sita, kijani cha mdudu mwenye sumu.
Kilomita elfu thelathini na moja.
Na ubavuni, kushoto, mkwaruzo wa kiganja kizima.
"Geti," akasema. "Iliegemea geti."

Nimesoma mikwaruzo ya kuta za lifti miaka kumi na mmoja.
Geti halichori mstari uliolala vile,
wenye punje za lami ndani yake.
Nikachuchumaa, nikazungusha mnyororo, nikapapasa diski.
Kisha nikamtazama goti: alikuwa akichechemea kidogo,
tangu alipotufungulia mlango.
Sikuuliza. Nilipunguza elfu arobaini
naye hakubishana.

Odera wa Grogan aliweka bisibisi kwenye injini,
mpini sikioni, macho yamefumbwa.
"Mzima," akasema. "Ila huyu hasamehe.
Ile ya zamani ulikuwa ukiiambia, inafikiria kwanza.
Huyu ukimnong'oneza, ameshafika."

Saa kumi na mbili asubuhi. Gia ya pili.
Nikaupinda mkono kiasi cha kufungua kizibo cha soda
na Nairobi ikawa nyuma yangu
kabla sijaamua kuondoka.
Ndani ya helmeti mwanamke alipiga ukelele.
Hakukuwa na mwingine.
Nikaegesha kando ya uzio wa msitu, nikavua glavu,
nikavitazama vidole vyangu kama vya mgeni
niliyemkaribisha bila kumuuliza atakaa siku ngapi.

Lakini hakuna anayeishi Bypass.
Mimi naishi Embakasi, na Embakasi ina matuta:
tuta la kanisa, tuta la muuza mitungi,
tuta lisilo na rangi wala sababu,
na kila moja lilimkwangua tumbo, kwaa,
nami nikauma meno kama ni tumbo langu.
Mgongo umekunjwa, viganja vimebeba kifua,
nikafika nyumbani nikitembea kama bibi yangu.

Leo, Barabara ya Jogoo, foleni imeganda.
Injini inanichoma mapaja kama jiko lililosahauliwa.
Nyuma yangu, honi mbili,
sauti ya mbuzi mwenye mafua,
honi niliyoinunua mimi, nikaifunga mimi kwa waya.
Ni Shikuku, kijana niliyemuuzia Boxer,
abiria mmoja mwenye mwavuli,
kreti la vifaranga juu ya mapaja ya abiria.
"Mama Lifti!" akaniita. "Umekwama ghorofa ya ngapi?"
Akapenya katikati ya lori na gari la maiti,
pale ambapo vioo vyangu haviwezi kupita.

Nikacheka hadi kioo cha helmeti kikaingia ukungu.
Mguu mmoja chini, vidole viwili kwenye klachi,
chini yangu nguvu za farasi mia moja na kitu,
na mbele yangu, mpaka taa zitakapobadilika,
mita mbili za kwenda.