Koti Lisiloingiza Upepo

Treni ya Pohang ilichelewa dakika kumi na moja,
na mimi, mwaka wa saba tangu nirudishe bunduki stoo,
bado huhesabu dakika kama mtu atakayeulizwa.

Nikamwona penye mashine ya kahawa:
koplo, shingo ya kuku aliyenyonyolewa,
zipu ya koti imeishia kitovuni,
bereti kaikunja mfuko wa paja kama leso ya mafua,
mkono mmoja mfukoni, wa pili na mkate wa maharagwe,
na kamba ya buti la kushoto
inafagia theluji iliyoyeyuka sakafuni.

Akapita kapteni, mwanamke, akivuta begi la magurudumu.
Kijana akatafuna.
Hakuinua hata ukope.

Miaka thelathini na moja nimewaambia watoto wa watu
kwamba nguo unaivaa, sare ndiyo inayokuvaa;
kwamba mkono mfukoni umekwisha kujisalimisha.
Nilikuwa na sauti enzi zile:
ilitoka kifuani, ikagonga ukuta wa bweni,
ikirudi imekuta kila mtu kasimama.
Mke wangu Mal-sun husema
hata kabichi mtungini ilikaa mguu sawa nikiingia jikoni.

"KOPLO!"

Kituo kizima kikageuka.
Bibi mmoja akakumbatia kapu lake la matunda.
Simu tatu zikainuka, kisha tano.
Nikamsomea mashtaka, moja baada ya jingine,
zipu, bereti, mfuko, kamba,
na kapteni uliyemwacha apite kama nguzo ya umeme!
Nikasema na mengine.
Nikamtaja mama aliyemlea.
Hilo sikulipanga.

Akameza.
Akauweka mkate juu ya mashine, akapangusa makombo,
akapandisha zipu, akavaa bereti,
akainama akafunga kamba fundo mbili, kama tulivyofundisha,
na masikio yake yalikuwa mekundu hadi ndani.
MAENG, kilisema kitambaa cha jina kifuani.
Kisha akasimama wima akanipigia saluti
ambayo kambini ningeipa tisa. Tisa na nusu.
Mkono wangu ukapanda wenyewe kuijibu.

Hapo macho yake yakatua begani kwangu.

Koti langu la kale. Ndilo pekee lisiloingiza upepo.
Mal-sun alilitia kiraka kiwikoni,
akasema, toa basi na hizo tepe, mzee, utadaiwa.
Nikasema kesho.
Kesho hiyo ina miaka saba.
Tepe zipo, jina lipo, nembo ya kikosi ipo,
na sheria naijua, niliifundisha mimi:
raia havai cheo.

Raia.

Angeweza kupaza sauti. Simu zilikuwa bado juu.
Akasogea hatua moja, upande wa sikio langu zima
(lile jingine lilibaki na mizinga; sijui alijuaje)
akanena polepole, kama unavyomwambia mwenzio
ana jani la mboga kwenye jino:
"Afande, mabegani. Doria iko mlango wa pili.
Leo wanakagua."

Akachukua mkate wake akaenda.

Nilijifungia chooni na kikata kucha,
uzi mmoja mmoja, miwani ikiteleza puani.
Mal-sun hushona kama anayeziba mtumbwi.
Tepe zilipobanduka, chini yake kitambaa kilikuwa kibichi,
rangi ya siku nilipokisainia stoo,
na cheo kikabaki palepale, kimechorwa na jua
lililounguza kila mahali isipokuwa hapo.

Nilipotoka, treni ilikuwa imekwenda.

Kwenye benchi alikaa kuruta, kipara kipya,
vifungo viwili wazi, buti juu ya begi.
Nikampita.
Nikarudi.
Nikaketi kando yake bila neno,
nikaanza kufunga vyangu.