Kiti

Wameniletea kiti.
Cha plastiki, cha bluu, kimeandikwa mgongoni
KIKUNDI CHA KUZIKANA NG'AMBO kwa rangi ya mafuta.
Kiongozi wa bendi kakipangusa kwa mkono wa shati:
"Mama Kalunde, leo imba umekaa. Goti lako."
Goti langu! Kalitaja mbele ya watu
kama mtu anayedai deni la dukani.

Sawa, mwanangu. Tabora nzima inalijua.
Liliteguka kwenye ngazi za stesheni, mwaka ule wa mvua nyingi,
treni ya Kigoma imechelewa saa kumi na nne,
nami sanduku la nguo za jukwaani kichwani.
Sikuliachia.

Nyamizi, mwimbaji wetu mpya, ana ishirini na mbili.
Anacheza vizuri, sina kijicho naye,
anatikisika mwili mzima kama kifuniko cha sufuria.
Watu wanampigia makofi. Wanatazama na saa.

Mimi nimevaa gauni la zambarau.
Fundi Shomvi wa Isevya kalipanua kiunoni mara tatu;
mara ya mwisho hakuuliza kitu,
akapima mara mbili mahali pa kupima mara moja.
Nilimwacha apime.

Basi nikakaa.
Polepole, kama anayeingia kwenye maji ya moto
na hana haraka ya kutoka.
Nikapandisha mguu juu ya mguu, goti bovu juu,
walione vizuri.
Nikamwambia Kasigwa wa besi: punguza.
Punguza tena.

Wimbo wenyewe nauimba tangu nina miaka ishirini.
Enzi hizo nilisema "njoo" kwa sauti ya kuita daladala iliyokwisha kuondoka,
neno la kuazima, halikunienea.
Jana nililisema chini, kooni,
pale asali ya miombo inapokwaruza kabla hujaijua utamu.
Kisha nikanyamaza.
Nikagusa hereni. Nikahesabu moja, mbili,
tatu,
ukumbi wote ukaegemea mbele.
Mstaafu mmoja wa reli akaweka chupa mezani bila mlio.
Mkewe, mkewe huyo, akavua viatu.

Mwanangu mkubwa haji. Alisimama mlangoni, kwa adabu zote:
"Mama, eda imeisha juzi. Watu watasema nini?"
Watasema naimba.
Baba yake asingeuliza. Yeye alikaa meza ya tatu
akinitazama kama mgeni asiyejuana na mimi,
tukifika nyumbani ananivua hereni, moja, halafu nyingine,
na katikati ya hizo mbili
palikuwa na safari.

Nyimbo nne, sikusimama.
Bega la kushoto likacheza.
La kulia likakataa,
na macho yote yakabaki kwa lililokataa.

Nyuma ya pazia Nyamizi kaniuliza:
"Mama, na mimi nikikikalia?"
Nikamwambia kalia, bibi, ni plastiki tu.
Akakaa. Akainuka haraka, anacheka, anajishika nyuma ya sketi.

Leo saa nne kimerudishwa Ng'ambo, kuna msiba.
Atakayekalia akahisi joto
asitafute jua liko wapi.