Hesabu ya Giza

Baba alikuwa karani wa tali, gati namba tano, Kilindini.
Vijiti vinne, cha tano kikivikata mshazari,
ukurasa kwa ukurasa, gunia kwa gunia,
saruji, sukari, mchele wa Karachi.
"Gunia moya likikupita," akisema, "meli nzima imekupita."
Hakuwahi kukadiria. Neno "takriban"
kwake lilikaribia tusi.

Mimi nahesabu kitu chepesi zaidi.

Huku Tudor, ghorofa ya pili, mlango umezibwa kwa mpira,
chumba kimekauka kama kinywa cha aliyefunga.
Mezani, ndani ya chungu cha chuma kilichonyonywa hewa,
limelala bamba la kioo, upana wa kiganja cha mtoto,
vitundu vyake mamilioni, kila kimoja chembamba kuliko unywele.
Juu yake nimepaka chumvi.
Si ya mchuzi. Chumvi ya sesiamu,
ambayo unyevu ukiigusa, basi tena.
Nami naishi Mombasa,
ambako biskuti hulegea kabla chai haijapoa
na mwezi wa tano shuka hazikauki, hukubali tu.
Mwachiro, fundi wa pampu, hunicheka:
"Umemleta kisiwani bi harusi asiyetaka maji."

Fotoni moja ya urujuanimno, nuru ambayo jicho haikujaliwa,
hugonga chumvi; elektroni moja hutoka mbio,
hutumbukia kitunduni, hujibamiza ukutani,
moja huzaa tatu, tatu huzaa tisa,
kama habari ya talaka inavyoshuka vichochoro vya Majengo,
hata zifikapo chini ni milioni
na mashine huandika: moja.
Zogo lote lile, jibu ni moja.

Nuru hii haitufikii. Ozoni imekaa getini
na haijui kuhongwa.
Ndiyo maana bamba litapandishwa roketi,
dakika sita juu ya hewa, kisha baharini.
Likielekezwa juani, kazi ni kuzuia:
jua humwaga kama gunia lililopasuka,
na kitundu kilichokwisha pokea hutaka kupumua;
zinazopita wakati huo hazina karani.
Nyota ni nyingine. Nyota hutoa kama maskini mwenye heshima.

Moja.

Kimya.

Kimya.

Moja.

Lakini kabla ya jua, kabla ya nyota,
lazima nifunge kila kitu.
Taa zizimwe, kifuniko kikazwe, pazia jeusi juu ya pazia jeusi,
nikae usiku kucha nikihesabu kisichokuwepo.
Na daima kuna kitu.
Kioo chenyewe, kwa mionzi haba iliyomo mwilini mwake,
hujishtua gizani, na mashine, isiyojua hila,
huandika: moja.
Hiyo ndiyo hesabu ya giza.
Hufutiki ule uandishi, wala hauoni haya.
Unaujua kiasi chake, kisha unautoa katika nuru,
kinachobaki ndicho nyota.

Baba hanitambui kila siku sasa.
Jana stima ilikatika. Nilikaa naye ukumbini
nikasikia ukucha wake ukikwaruza mkono wa kiti:
mara nne, kisha mmoja wa mshazari.
Mara nne. Mmoja wa mshazari.
Hapakuwa na meli. Gati namba tano
siku hizi ni makontena, na kompyuta ndiyo karani.

"Ngapi, Baba?"

Akanyamaza hata nikadhani hakusikia.
"Ngoja," akasema. "Wanikatiza."

Nikangoja. Ya kioo nayajua kuyatoa.
Haya, sikujua niyatoe katika nini.
Stima ilirudi, feni ikaanza kuzunguka,
akaitazama taa kama mgeni asiyebisha hodi,
akakunja kidole, akaanza upya:

moya.